Tagi Imebaki Kwenye Gauni: Nani Alipe Nauli?

Gauni ni la samawati, la mikono mirefu, na mwenyewe alilinunua Kericho mjini wiki moja baada ya bonasi ya majani ya chai kuingia. Alitaka nguo ya kuvaa kwenye koito ya binti yake mkubwa, siku ambayo wakwe wangekuja Kimulot kuzungumza habari ya ng'ombe. Alilijaribu dukani, akapanga foleni, akalipa kwa simu, akapewa risiti. Keshia akalikunja na kulitia kwenye mfuko. Mlangoni hakuna kilicholia. Jioni, alipokuwa akilitundika kwenye msumari ukutani, ndipo vidole vilipogusa kitu kigumu ndani ya mshono wa ubavuni, chini ya kwapa: kidude cha plastiki ya kijivu, mviringo kama kizibo cha soda ila kinene zaidi, kimeshikana na pini nyembamba iliyotoboa kitambaa kutoka upande wa pili.

Wenye maduka hukiita tagi. Kazi yake ni kuamsha king'ora mtu akitoka na nguo ambayo haijalipiwa. Hii ililipiwa. Keshia alisahau kuitoa.

Nilimkuta mama huyo Jumanne kwenye kibaraza cha fundi wetu wa cherehani, mvua ya saa tisa ikiwa imetufungia hapo sote. Gauni alikuwa amelifunga ndani ya leso, leso akaitia kikapuni, na juu yake akapanga sukuma wiki. Sikupenda nilichokiona. Mtu amenunua nguo kwa pesa ya majani aliyoyachuma kwa mikono yake, kisha anaibeba kijijini kwake kwa kujificha. Mazungumzo yaliyofuata nayaandika hapa nikiwaita wasemaji kwa kazi zao au kwa heshima yao (Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis), maana majina yao hayahitajiki. Nimeyafupisha, lakini sijayalainisha.

FUNDI: Mama, hili si jambo la kukukosesha usingizi. Nina koleo mbili hapa. Nashika plastiki upande mmoja, nashika kichwa cha pini upande mwingine, dakika tano imetoka. Nipe hamsini tu. Ukienda Kericho ni nauli mara mbili, siku nzima ya kuchuma imepotea, na koito ni Jumamosi.

MAMA: Ni Jumamosi, ndiyo. Lakini ukivuta hicho kitu gauni litoboke, nitavaa nini mbele ya wakwe?

FUNDI: Likitoboka nitalishona. Mimi ni fundi.

BAWABU: Fundi, weka koleo chini kwanza. Nimesimama kwenye mlango wa supamaketi Nairobi miaka kumi na mmoja, na vidude hivi nimevishika kila siku. Kuna vya kavu na kuna vya wino. Cha wino kina kichupa cha kioo ndani. Ukikilazimisha, kioo kinavunjika na wino unamwagikia nguo, nao hautoki hata ufue na nini. Ndivyo kilivyokusudiwa: aliyeiba asifaidi. Kigeuze tukione.

Tukainama sote. Plastiki haikuwa angavu, kwa hiyo ndani hapakuonekana kitu. Bawabu alikitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai, akasema hasikii maji, lakini kwamba kutosikia si ushahidi. Kisha akatueleza jinsi kinavyofunga, na kwa kweli hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu kifaa chenyewe. Pini inaingia kwenye tundu, na ndani ya tundu kuna vigololi vya chuma, vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyoibana pande zote. Ukivuta pini, vigololi vinazidi kukaza. Ukivuta zaidi, vinazidi kukaza zaidi. Kinachovilegeza ni sumaku kali iliyoko kwenye meza ya keshia: inavivuta upande mmoja, vinaachia, na pini inatoka yenyewe bila nguvu yoyote.

FUNDI: Hata mimi nina sumaku. Ile ya kuokotea sindano.

BAWABU: Hiyo itaokota sindano. Hii inataka sumaku ya kutoa sufuria ukutani. Na wewe ukitumia koleo, pini itapinda ikiwa bado ndani ya kitambaa. Kitambaa chenyewe ni hiki chepesi, tazama. Kikivutika uzi mmoja, umechora mstari kutoka kwapa hadi kiunoni.

MAMA: Basi nirudi.

FUNDI: Urudi kwa kosa la nani? Mama, ulilipa au hukulipa?

MAMA: Nililipa.

FUNDI: Basi hili ni gauni lako kama ng'ombe wako alivyo wako. Mtu akikuuzia ng'ombe na kamba yake, humrudishi ng'ombe sokoni ili akafunguliwe kamba. Unaikata.

Kwa muda hakuna aliyemjibu, kwa sababu hoja ilikuwa nzuri. Hapa nitaingiza neno langu kidogo. Vifaa hivi vilizaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1960. Ron Assaf, meneja wa supamaketi mjini Akron, Ohio, alimkimbiza mtu aliyetoroka na chupa mbili za mvinyo, akamkosa. Akaapa kutafuta dawa, na kampuni ya Sensormatic ikatokana na mbio hizo. Karibu na wakati huohuo Arthur Minasy wa New York alikuwa akitengeneza cha kwake. Mawazo ya wote wawili yalikuwa kwa mwizi: namna atakavyotoka, namna mlango utakavyomshtaki, namna plastiki itakavyomshinda akiwa peke yake nyumbani. Mnunuzi aliyelipa hakuwamo katika hesabu. Ndiyo maana keshia akisahau, kifaa kinamtendea mnunuzi kila kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mwizi.

MWANAFUNZI: Mzee, nina swali. Kama kidude hiki ni kikali hivyo, mbona hakikulia mlangoni?

BAWABU: Swali zuri, mwanangu. Sababu ziko nyingi. Tagi yenyewe haina betri. Nguzo zile mbili za mlangoni ndizo zenye stima. Zinatuma mawimbi, tagi inayarudisha, nguzo zinasikia. Stima ikipotea, au mtu akizima swichi, hiyo ni plastiki tu. Na siku za msongamano, kama wiki ya bonasi, wengine huzima kwa sababu ya kuchoshwa na kelele.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo ikishatoka imetoka.

BAWABU: Haijatoka. Hapo ndipo hatari ilipo. Milango hii kwa kawaida ni ya namna mbili. Kuna inayosikiliza kwenye kilohezi 58, na kuna inayosikiliza kwenye megahezi 8.2. Tagi ya namna moja haiamshi mlango wa namna nyingine. Gauni linaweza kukaa kimya Kericho, na siku mama anapita na mfuko wake katika duka la Nakuru lenye mlango wa namna yake, likapiga kelele. Duka ambako hata hakulinunua! Sisi mabawabu tulilijua jambo hilo. Wazungu wa mitambo wana jina lake, uchafuzi wa tagi: tagi za duka hili zinazurura na kuamsha milango ya duka lile.

MUUZA MITUMBA: Hayo mimi ninayaishi. Nikifungua belo la kilo 45, sikosi koti moja au suruali yenye kidude hiki, na wakati mwingine na karatasi ya bei ya pauni bado inaning'inia. Hizo ndizo kamera, nguo ambazo hazijavaliwa. Namletea Fundi anang'oa, kitobo anakiziba, nauza. Hakuna siku polisi walikuja. Sasa mimi nirudishe London?

KOGO: Na ile ya London nani alisahau?

MUUZA MITUMBA: Kogo, sijui. Labda duka lilitoa nguo zilizokosa kununuliwa. Labda mtu aliiba, ikamshinda kuitoa, akaitupa kwenye sanduku la msaada. Nguo ikifika Mombasa haisimulii ilikotoka. Ninachosema ni kwamba mama asijitese. Kimulot nzima imevaa nguo zilizowahi kuwa na tundu la pini.

MAMA: Dada, zako watu wanajua ni mitumba. Hili nimelinunua dukani. Mtu akiona kidude, hatasema ni belo. Atasema nimeiba Kericho.

Sentensi hiyo ilibadilisha mjadala. Mpaka hapo tulikuwa tukibishana juu ya plastiki. Madukani kwetu hapa Kimulot hakuna milango ya king'ora. Muuzaji anakujua, anamjua mama yako, na ukipungukiwa shilingi ishirini anakuandika daftarini. Sifa yako ndiyo inayolinda duka lake. Ndiyo maana kidude kinachokaa nje ya sifa, kinachosema "huyu hajathibitishwa", kinamuuma mtu wa huku zaidi ya anavyofikiri aliyekifunga. Kogo, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea tupu akisubiri zipu ya sketi yake, aliomba gauni alishike. Akalipapasa, akakifikia kidude, akakiacha.

KOGO: Mimi nimeuza majani tangu shirika la chai la KTDA lilipoanza mwaka 1964, nilikuwa msichana, nikibeba kikapu cha mama yangu. Wakati huo mizani ilikuwa ya kuning'inizwa kwenye ndoano, na karani anaandika kwa mkono. Siku hizi mashine inatoa karatasi. Sasa niambieni. Karani akikosea kilo zangu, huniambia, Kogo, rudi shambani ukachume tena ili tupime upya?

FUNDI: Hawezi.

KOGO: Kosa la mizani hulipwa na mwenye mizani.

MAMA: Kogo, hulipwa? Tangu lini?

KOGO: Hudaiwa, basi. Na anayedai haendi ameinamisha kichwa. Anaenda na karatasi yake mkononi, asubuhi, watu wakiona. Mbona gauni mmelificha chini ya mboga?

Mama akatoa risiti. Alikuwa ameihifadhi ndani ya kifuko kidogo anachokivaa shingoni anapochuma, na jasho na mvuke wa siku tatu shambani vilikuwa vimefanya kazi yao. Karatasi hizi hazichapwi kwa wino. Ni joto la mashine linalozichora, na joto jingine, jua, mafuta ya mkono, huzifuta. Jina la duka lilisomeka. Tarehe ilisomeka nusu. Bei, pale palipokuwa na bei, palikuwa na kivuli cha kijivu tu.

BAWABU: Hii haitakusaidia sana.

MWANAFUNZI: Mama, si ulilipa kwa simu? Nipe tuone ujumbe.

Ujumbe ulikuwepo. Namba ya malipo yenye herufi na tarakimu kumi, kiasi, jina la duka, tarehe, saa na dakika. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Leo, kwa mamilioni ya watu wasio na kabati la mafaili, ndiyo kumbukumbu ya kila walichonunua. Nasema hivi kwa mkazo: usifute ujumbe wa malipo ya nguo mpaka umeivaa mara kadhaa. Mwanafunzi, anayesoma sheria Nairobi na alikuwa nyumbani kwa likizo, aliupiga picha ule ujumbe, akaipiga picha na risiti, na tagi ikiwa bado kwenye gauni.

MWANAFUNZI: Sasa nizungumze kisheria. Kwanza, mama hana kosa lolote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 8, inasema mtu hawajibiki kwa kosa la mali ikiwa alitenda kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki na hiyo mali, bila nia ya kulaghai. Pili, Ibara ya 50 ya Katiba: mshtakiwa ni asiye na hatia mpaka ithibitishwe. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya tangu ukoloni, inasema kwamba kila auzaye ameahidi, hata asipotamka, kwamba mnunuzi ataimiliki bidhaa kwa utulivu. Kwa utulivu! Mama amelala siku tatu bila utulivu.

FUNDI: Hiyo ni kweli kabisa.

MWANAFUNZI: Na Ibara ya 46 inampa mnunuzi fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Gauni lenye tagi halivaliki. Hiyo ni kasoro. Nauli ya kulirudisha ni hasara.

FUNDI: Binti yangu, umesema vizuri. Lakini Katiba haimpakii mtu kwenye matatu. Hiyo fidia ataidai wapi, kwa nani, na kwa shilingi ngapi? Bonasi ya upande wetu huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa unaijua. Kila Oktoba tunasoma wenzetu wa mashariki wamelipwa zaidi. Mtu wa Kimulot hana pesa ya kufundishia duka adabu. Sheria yako yote inaunga mkono koleo langu: gauni ni lake, akiamua kulikata amelikata.

MWANAFUNZI: Sikatai. Gauni ni lake na hakuna sheria inayomkataza kulifungua. Tagi yenyewe ni ya duka, kwa sababu wanaitumia tena na tena. Ukiitoa, usiitupe, iweke uwarudishie. Ninachokataa ni yeye kubeba hatari. Ukilichana, nani atalipa? Wewe umechukua hamsini. Duka litasema, sisi tulimuuzia gauni zima, aliyelitoboa ni fundi wa Kimulot. Akilirudisha likiwa zima, kosa linabaki pale lilipofanyika.

FUNDI: Kwa hiyo aliyekosewa ndiye atakayetembea kilomita zote hizo na nguo yenye alama ya wizi, apite getini, asimame mbele ya bawabu ajieleze. Mzee, wewe ulikuwa bawabu. Ungemwamini?

Bawabu hakujibu haraka. Mvua ilikuwa imepungua, na boda boda wawili walikuwa wameanza kupangusa viti vyao. Alipozungumza, alimwangalia Mama, si Fundi.

BAWABU: Mwaka wangu wa pili kazini, king'ora kilimlilia mama mmoja akitoka. Nilimshika mkono. Sikumwuliza risiti, nilimshika mkono. Mtu mmoja barabarani akapiga ukelele wa mwizi, na mnajua neno hilo likitamkwa Nairobi linafanya nini. Kabla sijamvuta ndani alikuwa amepigwa kofi mara mbili na kitambaa cha kichwa kimeanguka kwenye tope. Tulipofungua mfuko, kila kitu kilikuwa kwenye risiti. Keshia alikuwa amesahau kutoa tagi kwenye sweta ya mtoto. Meneja alisema pole, akampa soda. Soda! Nilimwokotea kitambaa chake na nikakosa neno la kumwambia. Sheria inasema raia akimkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haisemi ampe umati. Kwa hiyo Fundi, unaniuliza kama ningemwamini. Wakati ule, hapana. Ndiyo maana nasema asipite getini peke yake na kidude hicho mfukoni. Apige simu kwanza.

FUNDI: Hapo tumesikizana.

BAWABU: Namba iko juu ya risiti, hapo joto halijafika. Apige, aseme jina lake, aseme namba ya malipo. Aulize jina la anayezungumza naye na aliandike. Akifika, asiingie. Asimame nje ya nguzo, amwite bawabu aje, amwonyeshe ujumbe, bawabu ndiye abebe gauni aingie nalo. Na aende asubuhi, watu wakiwa wachache.

KOGO: Na adai nauli kwenye hiyo simu, kabla hajaenda. Akishafika na gauni likishafunguliwa, hawatamsikia.

Mama alipiga simu pale pale, sauti ikiwa wazi ili tusikie. Aliyepokea alikuwa mpole. Aliomba radhi, akasema gauni liletwe wakati wowote, litafunguliwa bure. Mama akasema, na nauli yangu? Kukawa na kimya, kisha sauti ikasema nauli haimo kwenye utaratibu wao. Mama akauliza utaratibu wenyewe ni wa nani. Nilimwona akikaa wima alipouliza hivyo. Akaambiwa aandike barua kwa meneja.

Neno "bure" lilinikera, na linanikera hadi sasa. Kulifungua gauni ni nusu ya huduma aliyokwisha kuilipia, ile nusu ambayo duka halikuitoa. Huwezi kumpa mtu bure kitu ambacho tayari ni deni lako kwake. Na hapo ndipo ninapotofautiana na karibu kila ushauri unaotolewa juu ya jambo hili, unaoanza na kuishia kwa mnunuzi: hifadhi risiti, rudi dukani, kuwa mvumilivu, usitumie koleo. Ni ushauri mzuri, na Bawabu aliutoa vizuri kuliko yeyote. Lakini mtu anayeishi hatua mia mbili kutoka dukani na mtu anayeishi Kimulot hawasikii kitu kimoja wanapoambiwa "rudi". Kwa wa kwanza ni matembezi. Kwa wa pili ni siku ya kuchuma, ni nauli kwenda na kurudi, ni mtoto wa kuachiwa jirani, na ni hofu njia nzima.

Fundi alikuwa na haki juu ya mzigo. Mwanafunzi alikuwa na haki juu ya hatari. Muuza mitumba sikubaliani naye, kwa sababu nguo ya belo imeshakatana na kila mtu aliyewahi kuiuza, hali gauni hili lina muuzaji mwenye anwani na simu. Na ikiwa duka litakataa kulipa, au liko mbali mno, au harusi ni kesho? Basi piga picha zote, mpigie meneja umwambie unalifungua kwa fundi na kwa nini, na Fundi afanye kazi yake polepole, tagi ikitazama chini mbali na kitambaa, taulo likiwa limefunika gauni lote. Hutakuwa umemwibia mtu. Lakini iwe njia ya mwisho.

Ninyi mnaosimamia maduka ya Kericho, Litein na Bomet mjini, jambo hili liko mikononi mwenu na halina gharama kubwa. Keshia apapase kila nguo kabla ya kuikunja. Kwapa, kiuno na pindo, sehemu tatu tu. Milango iwake hata wiki ya bonasi, kwa sababu king'ora kilichozimwa hakimlindi mtu yeyote na kinamsafirisha mnunuzi na kosa lenu. Bawabu afundishwe neno la kwanza la kusema king'ora kikilia: "Samahani, huenda tumesahau kitu kwenye nguo yako." Na mteja akipiga simu kutoka mbali, mtumieni nauli kwa njia ileile aliyowalipia, kabla hajapanda gari.

Mama alikwenda Alhamisi, gari la kwanza, na gauni mkononi bila leso. Bawabu alitoka nje kumpokea. Keshia aliliweka gauni juu ya meza, akagusisha kidude kwenye sumaku, pini ikaanguka. Kitobo kilichobaki ni kidogo kuliko tundu la sindano, chini ya kwapa, mahali ambapo wakwe hawakupatazama. Barua ya nauli iliandikwa na Mwanafunzi, ikasainiwa na Mama, na kuachwa kwa meneja siku hiyohiyo. Bado haijajibiwa.